Marehemu Abdirizak Korane na Pikipiki Aliyoichora Mara Tano

Sisi sote ni wa Mola, na safari yetu sote inaishia Kwake. Maneno haya yanasomwa hapa nyumbani, mtaa wa Bulla Iftin, Garissa, siku ya tatu ya matanga, kwa sababu juzi makaburini hapakuwa na wakati wa kusema mengi. Yameandikwa na dada yake marehemu, Mwalimu Ugbad, kwa Kiswahili, ili wenzake wa ofisini waliotoka pande zote za nchi na mafundi wa gereji wayaelewe. Marehemu mwenyewe alikuwa akisema kwamba katika familia hii Kisomali ni cha kugombania na Kiswahili ni cha kuandikia.

Abdirizak Korane Billow alizaliwa Ijara tarehe 14 Machi 1981, mtoto wa pili wa Korane Billow na Timiro Abdilatif. Baba yake alikuwa mtu wa serikali wa kuchanja mifugo, na mwaka 1974 alinunua kwenye mnada pikipiki kuukuu ya Kiingereza, BSA ya mwaka 1958. Mama Timiro anasema injini ile ilisikika muda mrefu kabla vumbi halijaonekana. Akiisikia huko mbali kwenye malambo anateleka chai, na chai ikichemka mumewe anashuka mlangoni. Korane alifariki mwaka 1993 kwa homa. Pikipiki ilifunikwa turubai, na tangi lake likakatwa likawa jiko la makaa. Abdirizak, mtoto wa miaka kumi na miwili, alililia lile tangi kwa sauti kuliko alivyolia siku ya mazishi, na watu wazima wakamcheka. Hawakujua alichokuwa akikililia.

Alisoma shule ya msingi Ijara, kisha akaja Garissa kwa sekondari ya bweni, akamaliza mwaka 1999. Hesabu alizipenda, insha hakuzipenda, na dada yake ndiye aliyekuwa akimwandikia, jambo ambalo leo linaweza kusemwa bila hofu ya kiboko. Mwaka 2003 alihitimu stashahada ya uchoraji wa ramani katika chuo kimoja cha Mombasa. Huko ndiko alikojifunza kuchora kwa kompyuta, na tangu hapo penseli ilibaki ya kuwekea nyuma ya sikio tu.

Aliajiriwa katika ofisi ya maji mwaka 2005. Matangi, visima na mabirika mengi ya kunyweshea mifugo kutoka Garissa hadi Bute yalipita kwanza kwenye kioo cha kompyuta yake. Aliwahi kutumwa Bute akakuta mchoro uliotoka makao makuu ukionyesha birika la kimo kimoja kwa mbuzi na ngamia. Akashika utepe wa kupimia akaanza kupima mbuzi, mmoja mmoja, kutoka kwato hadi koo, huku wachungaji wakimwuliza kama anawashonea nguo. Birika lilijengwa kwa ngazi mbili, mbuzi chini na ngamia juu.

Tarehe 8 Agosti 2009 alimwoa Sagal Abdijabar, mfanyabiashara wa vitambaa sokoni hapa Garissa. Wengi waliopo leo wanaikumbuka harusi hiyo, kwa kuwa bwana harusi alifika akiwa amevaa suti na ameshika timazi. Nguzo za hema zilikuwa zimeinama, na hakukubali kuketi hadi zilipowekwa wima. Bibi harusi alingoja. Walijaliwa watoto wawili, Idman na Abdilatif, na nyumba ambayo hakuna picha ukutani iliyowahi kukaa upande.

Mnamo Oktoba 2022 kikombe cha chai kilimponyoka. Wiki iliyofuata kikamponyoka tena. Machi 2023 madaktari wa Nairobi walimwambia kwamba mishipa inayoendesha misuli ilikuwa inakufa, kwamba haina dawa, na kwamba itaanza na mikono, itashuka miguuni, itapanda hadi kwenye sauti na mwisho pumzi. Macho na akili vitabaki. Sagal alikuwa ameketi kando yake, akamwuliza daktari swali moja, "Na akishaelewa haya yote, sisi tumfanyie nini?" 

Waliporudi, Abdirizak hakuingia ndani. Alikwenda moja kwa moja nyuma ya nyumba ambako pikipiki ya baba yake ilikuwa imekaa tangu ilipoletwa kutoka Ijara, akavuta turubai. Alitaka jambo moja tu. Aiendeshe yeye mwenyewe hadi Ijara, mama yake aisikie ikija.

Aliipima yote, bomba kwa bomba, akaiingiza kwenye laptopu. Fremu ilikuwa imeliwa na kutu, kwa hiyo aliichora mpya kwa pembe zilezile za zamani. Akaichorea tangi jipya la kufungwa bomba lilelile la petroli la zamani, magurudumu mapana ya mchangani na egzosi iliyoinuliwa ili isilambe miiba. Kwenye kioo ungeweza kuizungusha, kuivua, kuivalisha, hata kumkalisha juu yake mtu wa kijivu mwenye urefu wa Abdirizak, magoti yake yakikunjika kama ya Abdirizak. Injini ilipelekwa kwa Yakub, fundi wa injini wa Wajir. Fremu alipewa Sugow, fundi wa kuchomelea wa hapa mtaani, ambaye alitazama kioo kwa muda mrefu kisha akasema, kwa lafudhi yetu ya Kisomali isiyo na p, v wala z, "Walaal, ndugu yangu, hii bicha ni msuri sana. Sasa lete ile ya kushika."

Kazi yao ilienda hivi. Bomba likikutana na bomba jingine, mdomo wake lazima ukatwe ulikumbatie. Kompyuta ilitoa umbo la mdomo huo kwenye karatasi, Sugow anaizungusha karatasi hiyo kwenye bomba na kufuata mstari kwa msumeno. Kilichohitajika ni karatasi itoke kwenye printa kwa kipimo chake halisi. Januari 2024 mwenye duka la kuchapisha aliona mistari ya pembeni inakatika, na kwa moyo safi kabisa akabonyeza mchoro upunguzwe uenee ukurasani. Kila karatasi ilitoka fupi kwa upana wa ukucha. Hakuna aliyegundua. Mabomba yote yaliyotoka Nairobi kwa basi yakakatwa, yakachomelewa, na siku injini ilipoletwa kujaribiwa, fremu ikakataa kuipokea.

Abdirizak alicheka siku hiyo, ndiyo, alicheka, akasema mwaka mzima amewafundisha wenzake ofisini waangalie kipimo kabla ya kuchapisha. Usiku Sagal alimsikia analia. Mabomba mengine yalipatikana Juni, na kufikia Juni mkono wa kushoto ulikuwa umekufa kabisa.

Basi akachora mara ya pili, klachi ikahamia mkono wa kulia pamoja na breki. Miguu ilipoanza kulegea akachora mara ya tatu, akaongeza kigari cha ubavuni chenye gurudumu, ili pikipiki isimame yenyewe bila kumtegemea. Desemba mkono wa kulia nao ulipomkimbia, akachora mara ya nne, kwa kusema huku Sagal akishika kipanya. Safari hii yule mtu wa kijivu alitolewa kwenye usukani akawekwa ndani ya kigari, na mgongoni akachorewa egemeo na mkanda wa kushikilia shingo. Kila mchoro ulikuwa unakimbizana na mwili wake, na kila mara mwili ulifika kwanza. Jamaa walimwambia apumzike, amwachie Mungu. Aliwajibu kwamba Mungu hajamkataza kuchora.

Machi mwaka huu alimwita Sagal akae mbele ya laptopu. Sauti yake ilikuwa imebaki nusu, na mkewe peke yake ndiye aliyeielewa.

"Chagua kigari chote," alisema.

"Nimechagua."

"Futa."

Sagal aliondoa mkono kwenye kipanya. "Na wewe utakaa wapi?"

"Mama Idman, kigari kinataka mabomba, kinataka gurudumu, kinataka Sugow miezi. Mimi miezi sina. Bila kigari, itawaka nikiwa hai. Nataka kuisikia tu."

Alifuta. Kisha akakirudisha. Akafuta tena, akakirudisha tena, na Abdirizak akamngoja kama yeye alivyongojwa siku ya harusi, hadi kigari kilipoondoka na hakikurudi. Baada ya hapo Abdirizak, kwa kinywa cha Sagal, alimwambia Idman alete utepe ampime mama yake, mkono, mguu na kiuno, kwa kuwa kiti cha mchoro wa tano kilikuwa cha Sagal.

"Mimi sijapanda hata baiskeli," Sagal alisema.

"Utajifunza. Ijara haihami."

Alijifunza. Sugow alimfundisha kwa bodaboda ya ndugu yake kwenye uwanja wa nyuma, Sagal akiwa na jilbabu lake, na mtaa mzima ukasema yaliyosemwa. Wengine waliosema wako hapa, na familia imewasamehe. Aprili sauti ya Abdirizak ilizimika. Ikawa kupepesa mara moja ni ndiyo na mara mbili ni hapana, lakini ili ajibu ilibidi kwanza mtu aulize swali lenyewe.

Jumapili tarehe 11 Mei, baada ya swala ya alasiri, pikipiki ilikamilika. Injini iliyofanywa upya na Yakub ilikuwa mahali pake, tangi limepakwa rangi ya kijani kibichi. Abdirizak alibebwa na godoro lake hadi uani. Sugow akapiga kiki. Kimya. Akapiga tena, akapiga hadi shati likalowa, wakapokezana na vijana wa jirani, na pikipiki haikukohoa hata mara moja. Sagal alikuwa amesimama karibu na tangi, naye Abdirizak alitazama upande huo bila kuondoa macho. Alipepesa, akapepesa tena, machozi yakamtoka. Sagal alimwuliza kama anaumwa. Hapana. Kama ana kiu. Hapana. Kama anataka kurudishwa ndani. Hapana, hapana. Magharibi ilipoadhiniwa Sugow aliinama akamwambia, "Walaal, ni blagi hii. Kesho naleta ingine, itawaka tu."

Pumzi ilimwisha Jumatatu tarehe 12 Mei 2025, alfajiri, Sagal akiwa amemshika mkono. Alizikwa siku hiyohiyo baada ya adhuhuri. Alikuwa na umri wa miaka arobaini na minne.

Jana Yakub alifika kutoka Wajir kutoa rambirambi. Alipopita uani alisimama kando ya pikipiki, akauliza, "Hii betroli nani alifungua?"

"Mimi," Sugow alijibu. "Nilisungusha mwenyewe."

"Hii ya samani haisungushwi, ndugu yangu. Inafutwa."

Akashika kijibomba kilicho chini ya tangi kwa vidole viwili, akakivuta nje. Petroli ikashuka, wote wakaisikia ikishuka. Kilikuwa upande uleule wa tangi aliosimama Sagal Jumapili. Abdirizak alikuwa anatutazamisha bomba la petroli, na sisi sote tulidhani anamtazama mkewe.

Sugow tangu wakati huo ameketi nje ya geti na amekataa chakula. Sagal, ambaye yuko edani na hawezi kumtokea, amemtumia ujumbe kwa kinywa cha Idman, nao unasomwa hapa kwa idhini yake ili usikike na wote: "Mwambie mimi ndiye niliyekuwa nimesimama karibu. Mwambie ale." Yakub alitaka kupiga kiki pale pale. Familia imemkataza. Haitawaka kwa mkono wa mtu mwingine yeyote, na anayetafuta mnunuzi, awe adeer, amu wetu, au abti, mjomba wetu, aache kutafuta. Eda ikiisha Sagal ataiwasha mwenyewe na kuielekeza Ijara.

Marehemu ameacha mjane, Sagal Abdijabar; watoto wawili, Idman na Abdilatif; mama mzazi, Timiro Abdilatif, ambaye tangu juzi anauliza kwa nini mwanawe hakuja na pikipiki; dada, Ugbad; na rafiki wawili ambao familia inawahesabu kuwa ndugu, Sugow wa Garissa na Yakub wa Wajir.

Allaha u naxariisto, Mungu amrehemu. Ee Mola, Wewe uliyeyaelewa macho yake pale sisi tuliposhindwa kuyauliza swali lake, mpokee, umlaze pasipo na uchungu, na utuwezeshe sisi kuishi na Jumapili ile. Amin.