Korongo Wanalala kwa Mukhwana

Hebu iweke benchi hii mbele ya macho yako. Ni ubao uliolazwa juu ya matofali, kando ya barabara ya vumbi huku Lunyo, na nyuma yake Amongin anamimina kahawa ya tangawizi. Chini bondeni, pale Mukhwana alipokuwa akilima mpunga, mafunjo yamerudi. Shirika moja la kutunza wanyama humlipa kila msimu ili asiliguse bonde lake, na korongo wenye taji, ndege wa bendera ya Uganda, wamerudi kulala humo. Asubuhi hiyo mvua ilikuwa imenyesha vizuri. Mukhwana alikuwa amekaa na wenzake wawili: Rasto, fundi baiskeli tunayemwita Spika kwa kuwa hapendi mwingine aseme, na Clifford, muuza mitumba kutoka upande wa Kenya, ambaye jina lake hapa ni Ng'ambo.

Spika alikuwa akieleza kwamba hakuna mtu anayelipia ndege bure.

— Hiyo ndege iko na kamera kwa macho. Inapiga picha udongo yetu. Wakiona dhahabu, Mukhwana, wanakufukuza.

— Wacha stori, Spika, Mukhwana alisema. Kamera inachajiwa wapi, kwenye mafunjo?

— Kwani ile taji ya kichwa unafikiri ni urembo? Ile ni sola.

Ng'ambo alicheka, kisha akaleta yake. Kwa maoni yake shirika linataka maji ya bonde, na baada ya maji litauza hata ukungu, na mwisho korongo watapewa vitambulisho wapige kura.

— Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Hawa wamemaliza msimu. Jembe lao liko wapi?

Mukhwana alicheka nao mpaka alipomwona Taaka akija.

Taaka ni mjane wa ndugu yake. Shamba lake liko mteremkoni, juu tu ya mafunjo. Msimu huu alikuwa amepanda mahindi mara mbili, na mara zote mbili korongo walipanda kutoka bondeni wakafukua mbegu. Sasa alikuwa na jembe mkononi na beseni kichwani. Akaliweka beseni juu ya benchi, akafunua kitambaa: mbegu za mahindi. Harufu ya dawa ya wadudu ikapanda. Amongin akasogeza birika lake mbali.

— Shemeji, Mukhwana alisema polepole, hiyo ni sumu.

— Najua. Nimechanganya mwenyewe.

— Ndege ikikufa, shirika hawatanilipa tena. Hizo ndege ndiyo karo ya watoto yangu.

— Na hii mahindi ndiyo chakula ya watoto ya ndugu yako.

Mukhwana akasema mkataba una jina lake peke yake, na hakuuandika yeye. Taaka alimwacha amalize.

— Sikukuja kugombana. Nauliza tu. Zikilala kwako, unalipwa. Zikikula kwangu, nani analipa?

Spika alianza kusema kwamba swali hilo ni la shirika, akaishia njiani. Kule bondeni korongo wawili walikuwa wametoka kwenye mafunjo, wakitembea taratibu kuelekea mteremkoni. Mukhwana aliwatazama, kisha akalitazama beseni. Amongin akainamisha birika, na halikutoa kitu.

Nilipoondoka, beseni lilikuwa bado katikati ya benchi, Mukhwana upande mmoja na shemeji yake upande wa pili. Sitakuambia nani ana haki. Nakuomba tu ukumbuke jambo moja: udongo ulikuwa umelowa, jembe lilikuwa mkononi, na huko shambani hakuna ambaye angemwona akipanda mbegu hizo. Taaka alipita kwanza hapa, akauliza.