Rodha Kanze wa Menza, Aliyechorwa Dirishani (1931–1967)

Marehemu Rodha Kanze alizaliwa Kinango mwaka 1931, msimu wa kupanda mahindi, akiwa mtoto wa kwanza wa Mzee Menza Mwinga na Mama Kahaso. Anayewasomea ni Rai, mdogo wake, ambaye Kanze alipenda kuwaambia watu kwamba alimbeba mgongoni mpaka akaota ndevu.

Alisoma hadi darasa la nne katika shule ya misheni. Kalamu haikumpenda sana, lakini adabu alikuwa nayo ya kugawa. Mwalimu akiita jina la yeyote, Kanze ndiye aliyeitika "Abee!", asije mwalimu akaona amepuuzwa. Tulimcheka mpaka basi.

Tarehe 12 Agosti 1950 alifunga ndoa na Bwana Karisa Fondo wa Waa. Walikaa miaka tisa bila mtoto, na maneno ya watu aliyavumilia mengi. Ndipo akazaliwa Jumwa, wa pekee.

Kuanzia mwaka 1957 alifua na kupiga pasi Diani, kwa mjane mmoja wa Kizungu aliyekuwa akichonga picha kwenye ubao, akaupaka wino na kuupiga chapa kwenye karatasi. Picha iliyo kwenye jalada la ratiba hii ni kazi ya mjane huyo. Familia haina nyingine.

Wengi mmeisifu tangu asubuhi: mwanamke ameketi dirishani, ushonaji mapajani, nyumba imetulia. Basi mjue alichorwa Jumatano, tarehe 4 Desemba 1963. Siku hiyo Jumwa alikuwa amelala kwa bibi yake, Waa, mwili ukimwaka kwa homa, na Kanze alikwenda Diani kuomba motokaa imfikishe mtoto hospitali, Msambweni.

"Hujambo, Kanze? Mtoto hajambo?"

"Hajambo, Mama."

Ndivyo tunavyojibu sote. Anayeuliza huuliza tena, ndipo shida ikasemwa. Mjane hakuuliza tena. Alikuwa ameupenda mwanga wa dirishani, akamkalisha hapo. Kanze alipofungua kinywa aliambiwa, "Usiseme, uso unabadilika." Alikaa hadi saa nane. Alipofika Waa, Jumwa alikuwa ameshafunikwa shuka. Mjane alilia sana aliposikia. Angejua, motokaa angeitoa mara moja. Juma lililofuata, watu wakicheza ngoma za Uhuru, sisi tulikuwa matangani.

Pale kaburini Rai alimwambia dada yake, kwa hasira, "Mdomo si ulikuwa nao?"

"Ni kweli, ndugu yangu," akajibu.

Hakuzaa tena, na Rai hakumwomba radhi.

Mwaka huu kifua kilimbana tangu Juni, akalazwa Msambweni. Jumamosi, tarehe 14 Oktoba, Rai alikwenda kumtazama.

"Shikamoo, dada. Hujambo?"

"Marahaba. Sijambo."

Rai akaona afueni imeingia, akamshukuru Mungu, akawahi basi la Likoni. Kanze alifariki Jumapili alfajiri. Muuguzi anasema jioni ile aliuliza mara mbili kama ndugu yake bado yuko nje, kwa kuwa alikuwa na neno naye. Neno lenyewe hakumwachia mtu.

Ameacha mume wake, Karisa, mama yetu, Kahaso, na mimi. Mtoto hakuacha. Bwana ampokee, ampe raha aliyoikosa kwetu.