Kizuri Kilichoshindwa Kujiuza: Risala ya Mafundi Viatu kwa Mkurugenzi Mkuu

Mgeni rasmi, Mkurugenzi Mkuu wa shirika letu, Meneja wa karakana, wakuu wa idara mliofuatana na mgeni, mafundi wenzetu, wageni waalikwa:

KUKUKARIBISHA

Mgeni rasmi, karibu ndani, ingawa ndani kwenyewe ni kama unavyopaona. Tumesogeza mashine tatu za kushonea ili upate pa kukaa, na madirisha tumeyafungua tangu asubuhi ili harufu ya gundi isikuumize kichwa. Kama bado inakuumiza, utuwie radhi. Pua zetu sisi zilishaacha kulalamika. Anayesoma mbele yako ni mshona ngozi wa meza ya nne. Wenzangu wamenichagua kwa sababu, wanasema, sauti yangu inaishinda mashine. Lakini maneno haya ni yetu sote ishirini na watatu. Tumeyapitia pamoja na kuyakubali, hata yale tuliyoogopa kuyaandika.

Hii si mara yako ya kwanza kufika hapa. Mwaka jana ulikuja kwa ajili ya usaili, ukakaa kiti cha katikati cha jopo. Tutafika huko.

HISTORIA YETU

Karakana hii inatengeneza viatu vya watu ambao viatu vya kawaida vinawatesa: mwenye mguu mmoja mfupi, mwenye nyayo zilizopinda, aliyekatwa vidole, mzee mwenye magoti mabovu. Vya wazee huenda madukani. Vingine hupimwa hapahapa kwa mguu wa mwenyewe. Aliyeianzisha kazi hii ni fundi wa meza ya kwanza, ambaye sote tunamwita Fundi Kimya. Jina hilo hatukumpa kwa utani tu. Ana miaka thelathini na moja hapa, na kuna mwaka ambao, ukijumlisha salamu na "nipe mkasi", maneno yake yasingejaza ukurasa huu. Karibu sote ametufundisha yeye. Alikuwa anaushika mkono wako na kuupeleka panapotakiwa, basi, somo limekwisha.

Tulikuwa na imani moja, nayo ni ile ya wahenga: kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Mteja akiuliza kiatu hiki kina nini, tulimjibu, "Kivae utaona," tukarudi mashineni. Mkata ngozi wetu alikuwa akisikia hodi ya mteja anakimbilia chooni. Tuliamini kwamba anayesifu kazi yake ni tapeli, au yuko njiani kuwa tapeli.

Oda zikapungua. Ofisi yako ikaleta barua, ikabandikwa ukutani: zisipoongezeka ndani ya miezi sita, karakana itafungwa. Wiki hiyohiyo ikatangazwa nafasi ya meneja. Hatukubishana ni ya nani. Siku ya usaili mke wa Fundi Kimya alimnyooshea shati jeupe, nasi tukampigia makofi akivuka ua. Mwombaji mwingine alikuwa mmoja tu, mtunza stoo wetu, Mama Ghala, ambaye hajawahi kushona hata kifungo. Yeye tulimwona kama mtu aliyekuja kumsindikiza bwana harusi.

YALIYOTUPATA

Mgeni rasmi, usaili ulifanyika katika ofisi ile yenye dirisha la kioo. Tuliona midomo ikicheza, sauti hatukuisikia; mambo yenyewe tulisimuliwa baadaye. Uliweka mezani kiatu kimoja, kazi ya mikono ya Fundi Kimya mwenyewe, ukamwambia, "Nieleze kwa nini nikinunue hiki." Alikigeuza, akaitazama soli, akakirudisha mezani.

"Kiatu chenyewe ndicho hicho," akasema. Hakuongeza neno.

Mama Ghala akapewa kiatu kilekile. Yeye hakukisifu. Alikuuliza ni nani nyumbani kwako anayetembea kwa shida. Tunaambiwa ulijikuta ukieleza habari za mama yako mzazi na ngazi za nyumba yake, hadi mjumbe mmoja akatazama saa.

Tangazo lilipobandikwa mlangoni tulilisoma mara mbili, kisha tukamwita mwenzetu mwenye miwani aje kulisoma mara ya tatu. Meneja ni mtunza stoo. Mashine zote zilinyamaza. Mmoja wetu alikaa chini sakafuni, juu ya vipande vya ngozi, akasahau kunyanyuka. Tulikuwa kama watoto walioambiwa kwamba wanayemwita baba siye baba yao. Kama mikono ile haikutosha, ya kwetu ina thamani gani?

Fundi Kimya alivua aproni, akaikunja, akaiweka juu ya meza ya kwanza, akaondoka. Na hapa tunasema tuliloogopa kuliandika: kwa siku nne Mama Ghala alituamkia kila asubuhi, na wengi wetu hatukumwitikia. Leo tunamwomba radhi mbele yako.

Siku ya tano Fundi Kimya alirudi. Kilichotushtua si kurudi kwake. Alisimama katikati ya karakana akaanza kuzungumza, bila kuulizwa na mtu.

Alikuwa akizunguka kutafuta kazi. Sehemu tatu walimuuliza anajua nini, naye akawajibu kwamba anajua kushona. Wakamshukuru, wakamwonyesha mlango. Mara ya nne aliingia duka moja la viatu upande wa pili wa mji. Kabla hajafungua kinywa, dada muuzaji alimwona anavyochechemea kwa uchovu, akamketisha, akamletea kiatu. Akamwonyesha kwamba kisigino kimeinuliwa kidogo upande mmoja ili uzito usilielemee goti. Akamwonyesha mshono ulivyokikwepa kidole gumba, akamwambia, baba yangu, aliyekishona hiki alijua mahali watu wa umri wako wanapoumia.

Kilikuwa kiatu chake. Alikishona hapa, meza ya kwanza.

"Nusura nikinunue," alituambia. "Miaka yote hii nashona, na siku hiyo ndiyo nimesikia kwa mara ya kwanza kile ninachokishona."

Hakuna aliyecheka. Akatupita, akaingia ofisini bila kupiga hodi, na mlango aliuacha wazi, kwa hiyo hili tulilisikia kwa masikio yetu. Alimwomba Mama Ghala amfundishe kusema. Mama Ghala akavuta kiti karibu na chake, akamjibu kwamba atamfundisha kusema, lakini na yeye afundishwe soli.

MAFANIKIO

Mgeni rasmi, tangu siku hiyo kila mchana, baada ya chakula, wawili hao walikaa meza ya kwanza. Mmoja anauliza, mwingine anajibu, kisha wanabadilishana. Tulikuwa tunasikiliza huku tukijifanya tunatafuta sindano. Tukaja kuelewa kwamba kuuza si kupiga domo. Ni kumuuliza mtu panapomuuma, na kunyamaza akijibu. Kunyamaza tayari tulikuwa nako. Kuuliza ndiko tulikokosa.

Mwezi wa tano wa ile miezi sita, Mama Ghala na Fundi Kimya walikwenda hospitali kumwona daktari wa mifupa, anayehudumia watoto wenye miguu iliyopinda. Mimi nilikwenda nao kubeba sampuli. Mama Ghala alizungumza vizuri mpaka daktari alipochukua kiatu kimoja na kuuliza kwa nini soli imekatwa mshazari. Hilo hakulijua. Akamgeukia Fundi Kimya. Mimi nikaanza kukusanya sampuli taratibu, maana niliona tumekwisha.

Fundi Kimya akamwomba daktari avue kiatu chake cha kushoto. Daktari alishangaa, lakini akavua. Fundi akakishika karibu na dirisha, akakipapasa kisigino kwa kidole, kisha akauliza kwa upole, "Nyonga hii imeanza kukuuma lini, daktari?"

Daktari alikaa. Uso ulimbadilika kabisa. Alisema ni mwaka wa pili, na kwamba hajamwambia mtu, hata mkewe nyumbani. Fundi Kimya akamwonyesha soli ilivyolika upande mmoja, akamweleza jinsi mguu wa mtoto unavyofanya vivyo hivyo, na jinsi mkato ule wa mshazari unavyourudisha polepole njiani. Alizungumza robo saa nzima. Mimi ninayekusomea, ambaye nimekaa naye karakana moja miaka tisa, nilishika sampuli kifuani nikashindwa hata kuziweka chini.

Tulirudi na oda ya viatu vya watoto wote wa kliniki ile. Hospitali mbili nyingine zimefuata. Barua ya kufungwa Mama Ghala aliibandua mwenyewe, na hakuna fundi hata mmoja aliyepoteza kazi. Na yule mkata ngozi wa chooni, siku hizi ndiye anayepokea wateja kila Jumatatu. Tatizo letu sasa ni kumnyamazisha.

CHANGAMOTO

Hatuna chumba cha kupokelea wateja. Mzazi aliyembeba mtoto anaelezea shida yake mlangoni, kando ya pipa la gundi, huku watu wakipita.

Vijana wanaotujia kutoka vyuoni wana mikono mizuri na vyeti vizuri, lakini ukimuuliza mmoja anajua nini, anakukabidhi cheti. Tunawaonea huruma, maana sisi ndio tuliokuwa hivyo. Wengi wao hawatafika mezani kwetu. Watakataliwa mlangoni, na waliowakataa hawatajua walichokikosa.

Ya tatu unaijua, mgeni rasmi, kwa kuwa karatasi yake iko ofisini kwako. Fundi Kimya anatimiza umri wa kustaafu mwisho wa mwezi huu. Kanuni inasema hivyo, na hatubishani na kanuni. Tunasema tu kwamba mdomo huu ndio kwanza umefunguka.

MAOMBI

Kwanza, tunaomba chumba. Kidogo tu, chenye viti viwili na mlango unaofungika.

Pili, tunaomba shirika lipeleke somo la kuuza kwa kila mfanyakazi wake, mlinzi na mfagiaji wakiwemo, na likaongee na vyuo ili mwanafunzi wa ufundi asihitimu kabla hajaweza kuieleza kazi ya mikono yake mbele ya mtu asiyemjua. Tusingependa mwingine ajifunze kama tulivyojifunza sisi.

Ombi la tatu lilikuwa refu kuliko yote. Lilihusu Fundi Kimya kuongezewa muda ili awafundishe hao vijana. Tulipomsomea jana, alichukua penseli yake ya kuchoria ngozi akalikata lote, mstari kwa mstari, akatuambia la kwake atalisema mwenyewe. Kwa hiyo hatulisomi. Wala hatujui atasema nini.

HITIMISHO

Mgeni rasmi, Mwenyezi Mungu akujalie afya, amnyooshee mama yako hatua zake, na kila mlango utakaoubisha ufunguliwe na mtu mwenye subira. Nikikaa mimi, atasimama yeye. Tunakuomba umsikilize, na akikawia kuanza, umngojee.

Ni sisi,
Mafundi wa Karakana ya Viatu, meza ya kwanza hadi ya mwisho.