Ganda la Hindi

Fundi cherehani alijifanya anatazama nje ya dirisha la basi, lakini masikio yake yote yalikuwa kiti cha mbele, ambako bibi mmoja alikuwa akimsimulia kijana asiyemjua. "Binti yangu kanipeleka mkahawa wa Kimeksiko, wa kifahari kwelikweli. Wakaniletea unga wa mahindi uliopikwa ndani ya ganda la hindi. Nikala vyote. Ganda lile, mjukuu wangu, meno yalikiona cha moto!"

Kijana aligeuka. "Jana mchana? Bibi, mpishi ni mimi! Ganda haliliwi. Lakini sahani ilirudi tupu kabisa, ndipo bosi akakubali chakula changu kibaki kwenye menyu."

Fundi aliuma leso asicheke.

Basi liliposimama, bibi aliinuka. "Kumbe kile kitamu cha ndani ndicho chakula chenyewe? Basi bosi usimwambie neno. Jumamosi narudi kukila."