Mkwe Hakamatwi Kiuno

Pale Gehandu, malori ya ngano yanapopunguza mwendo ili yakate kona, miaka ile ya mashamba ya serikali palikuwa na benchi la ubao uliotolewa kwenye bodi la lori bovu, na juu yake walikaa watu ambao saa hizo walitakiwa kuwa kazini. Hermani, dereva, aliitwa Breki kwa kuwa lori lake halikuwa nazo. Alfredi aliitwa Radio kwa kuwa hakuna aliyewahi kumzima. Mwalimu Hilary, mtu wa Songea, aliletwa na wizara akabakizwa na kahawa ya Letisia. Na Sulle, bingwa wa mieleka wa mashamba yote ya ngano, Hanang mpaka Mbulu, Jumatano ile alikuwa ameshika kikombe na hanywi. Jumamosi alitakiwa kuutetea mkanda wake mbele ya Gidahosh, kijana wa trekta aliyekwisha kuwaangusha wengine wote. Ijumaa, siku moja kabla, wazee wa huyo huyo Gidahosh walikuwa wanaleta asali nyumbani kwa Sulle, kumposa binti yake Natalia. Asali ikishapokelewa, kijana ni mkwe. Na mkwe, hata mtoto mdogo anajua, hakamatwi kiuno mbele za watu.

— Usipopigana, mkanda umekwenda, — alisema Breki. — Ukipigana, heshima imekwenda. Aisee, Sulle, umebanwa.

— Nimebanwa, — alisema Sulle.

Mkanda wenyewe ulikatwa kwenye kombaini iliyokufa, ukapigiliwa bati la kifuniko cha debe, na mpaka siku hiyo ulikuwa unanuka grisi. Aliyeuvaa alipewa magunia mawili ya ngano kila mavuno, na watu walitoka vijiji vya Daudi na Tlawi kwa miguu kuja kumtazama. Sulle alimpenda binti yake kuliko mkanda ule, hilo halina ubishi. Ila hakupenda kuulizwa kwa kiasi gani.

— Tutazame historia, — alisema Radio, akijiweka sawa. — Bingwa wa kwanza alikuwa Kasian. Naye alipangiwa shemeji yake. Wakafanyaje? Wakazungukana. Asubuhi mpaka jioni, hakuna aliyemgusa mwenzake. Pale walipozunguka, nyasi hazioti mpaka leo.

— Hazioti kwa sababu ndipo tunapoegesha malori, — alisema Breki.

— Na kwa nini mnaegesha pale? Si kwa sababu hapana nyasi?

Breki akakuna kichwa. Mwalimu akacheka, kahawa ikampalia.

— Historia yako ina pancha, Radio, — alisema Breki. — Hawakuzungukana. Waliweka gunia la ngano katikati. Kasian analikumbatia huku, shemeji analikumbatia kule, wanasukumana. Adabu imehifadhiwa. Mkono mtupu haulambwi!

— Nani akashinda?

— Gunia.

— Gunia?

— Lilianguka? Halikuanguka. Likavishwa mkanda. Kati ya Kasian na Ignasi, bingwa aliyemfuata, kuna mwaka mmoja hakuna mtu anayemkumbuka bingwa wake. Ndiyo huo. Bingwa alikuwa ghalani.

— Mwaka huo ulikuwa wa vita, — alisema Mwalimu. — Vijana walikuwa mpakani, mashindano hayakufanyika.

— Mwalimu, mgeni njoo, mwenyeji apone, — alisema Breki. — Usituharibie historia.

Mwalimu hakukasirika. Alikuwa na yake.

— Shuleni, mkuu akisafiri anaacha kaimu. Sulle aumwe mgongo Jumamosi, amteue kaimu bingwa. Kaimu akianguka, ameanguka kaimu. Cheo kimebaki palepale.

— Kaimu mwenyewe nani?

Mwalimu akaitazama mikono yake, myembamba, imejaa chaki. Akaomba aongezewe kahawa.

— Nyie mnaanzia katikati, — alisema Radio. — Ubingwa huu ni wa zamani kuliko ngano. Bingwa wa kwanza kabisa alishikana na Mlima Hanang. Ule upande uliobonyea, mnadhani ni nini? Ni mkono wa mtu.

— Mlima ukaanguka?

— Umekaa chini. Wewe umewahi kuuona umesimama?

— Na hiyo inamsaidia nini Sulle?

— Huyo bwana alikuwa ameoa kulekule mlimani! Mlima ulikuwa mkwe wake, na hakuna aliyemlaumu.

Hata Sulle alicheka, kwa mara ya kwanza tangu Jumapili. Kisha uso ukarudi ulivyokuwa.

— Ignasi nilimwangusha mimi mwenyewe, matopeni, — alisema taratibu. — Akainuka, macho yamejaa udongo, akanifunga mkanda kwa mikono yake. Akaniambia, Sulle, huu usimpe mtu. Mtu auchukue.

Wote walimpenda sana Sulle, ingawa hakuna ambaye angekubali kusema hivyo.

— Si uwaambie wazee wa kijana walete asali Jumapili? — aliuliza Letisia, akipuliza makaa. — Samaki mkunje angali mbichi.

— Letisia! — walipiga kelele wote.

— Kuahirisha asali ni kumkataa mtu, — alisema Radio. — Watadhani binti ana mwingine.

— Asali hairudishwi njiani, — alisema Breki. — Mimi naona hivi. Anguka kwa adabu. Filimbi ikilia, kabla hajakugusa, mguu uteleze. Mchezo umekwisha.

— Na yeye Gidahosh kalelewa vizuri, — alisema Mwalimu. — Naye atajiangusha.

— Wakijiangusha wote?

— Basi wa kwanza kufika chini ndiye mwenye adabu zaidi.

— Apewe mkanda!

— Hapana, anyang'anywe!

Hapo wakaanza kubishana kwa mikono, wakionyeshana namna nzuri ya kuteleza, Breki akiwa tayari ameinua mguu mmoja, ndipo waliposikia sauti nyuma yao.

— Shikamooni.

Alikuwa Natalia, anatoka mashine ya kusaga, unga mpaka kwenye nyusi, debe kichwani. Hakuwahi hata siku moja kusimama karibu na benchi lile.

— Marahaba, — waliitikia, na Breki akashusha mguu.

Alishusha debe lake chini. Ilionekana wazi kwamba alikuwa amesikia.

— Baba, nina swali dogo. Nikizaa, watoto wakaniuliza kati ya babu na baba bingwa alikuwa nani, niwajibu nini?

Mwalimu akatazama kikombe. Breki akatazama lori lake. Radio akafungua mdomo, akaufunga, jambo ambalo Gehandu ilikuwa haijaliona. Sulle alisikia aibu ikimpanda mpaka masikioni, na nyuma ya aibu ikaja furaha. Siku zote hizi alihangaika asimvunjie binti yake heshima, kumbe binti alitaka jambo moja tu, watu wake wawili washindane kwa kweli.

Akainuka, akachukua fimbo yake.

— Nakwenda kwao Gidahosh. Asali ije Jumapili.

— Watakasirika, — alisema Radio.

— Wakasirike leo. Nitawaambia kwa mdomo wangu kwamba kijana simkatai. Lakini Jumamosi si mkwe wangu, na nataka aje na nguvu zake zote. Nami nitakuja na zangu.

— Na akikuangusha? — aliuliza Letisia.

— Basi nimepata mkwe.

— Na wewe ukimwangusha?

Sulle akasita, fimbo mkononi. Hilo hakuwa amelifikiria. Aliwatazama wenzake mmoja mmoja.

Natalia aliinama, akajitwisha debe lake.

— Nitamwokota mimi, — alisema. — Twende, baba, njia ni moja.