Msiseme Aliugua kwa Muda Mrefu

Wasikilizaji wapendwa, habari za jioni. Mimi ni Janeth Fanueli, na saa hii huwa tunamkumbuka mtu mmoja, kwa jina lake na kwa mambo yake. Leo, kabla sijaanza, niseme neno. Mkubwa wangu mmoja hapa kazini ameniomba, kwa heshima zote, nikifika mahali fulani niseme "kifua". Nimemsikia. Nitasema titi. Kila anayetusikiliza amenyonya, hakuna atakayeshtuka.

Tunamkumbuka Salama binti Hemedi wa Mlola, aliyefariki wiki iliyopita. Wengine mlimjua kama Mama Rahma. Wengi zaidi mlimjua kama Mama Sidiria, na msijifanye hamkumjua, maana nusu ya wanawake wa magulio ya Lushoto walivaa mzigo wake.

Salama alizaliwa Mlola. Alilima kabeji na viazi kwenye miteremko, akaolewa, akazaa binti mmoja, Rahma, akafiwa na mume mapema. Ruksa ilipoingia, biashara ikaachiwa huru na mitumba ikafurika, wenzake walikimbilia makoti na suruali, kwa sababu huku kwetu baridi haina mchezo. Salama akafungua belo la sidiria. Kaka yake alimwambia, "Dada, utaziweka wapi hizo, watu wanapita?" Akajibu, "Nitaziweka juu ya meza, watu wanapita."

Na aliziweka. Mwanamke akitaka kupima, muuza nyanya wa jirani, Secilia, alisimama akashika khanga kama pazia, mteja akapima nyuma yake. Wanaume walipita wakitazama milima. Salama aliikagua kila sidiria kabla ya kuiuza. Iliyochanika aliitupa. Iliyobana kulabu tu aliitunza, akazifungua kulabu kwa subira, ikauzwa kama nyingine.

Mwaka tisini na nane alishika uvimbe kwenye titi lake la kushoto. Mama yake mdogo alikufa kwa ugonjwa wa titi, zamani, akiwa amelifunika kwa majani na khanga mpaka mwisho. Salama akasema yeye hafuniki kitu. Akateremka Mombo, akapanda basi la Dar es Salaam, na huko wakamkata titi. Niseme tena: kansa ya titi, titi la kushoto, wakalikata.

Aliporudi gulioni watu walinong'ona. Secilia anakumbuka. "Alikuwa ameweka kitambaa ndani ya sidiria ili kifua kilingane," anasema. "Akaona wanavyomkodolea. Akaingiza mkono, akakitoa kile kitambaa, akakiweka mezani katikati ya mzigo. Akasema, anayetaka kuuliza aulize, lakini aulize huku ananunua. Mimi nilicheka mpaka nikamwaga nyanya."

Tangu siku ile, mteja akienda nyuma ya pazia, Salama alimfundisha kujishika. Zungusha vidole hivi, fika mpaka kwapani. Ukikuta kitu kigumu, usikipe majani, kipeleke hospitali.

Sasa, wasikilizaji wapendwa, tufike kwenye posa, maana hapo ndipo palipouma.

Kijana mmoja wa Mlalo, Zuberi, alimpenda Rahma, na Rahma alimpenda. Washenga wakaja, wakapokewa vizuri. Halafu ikafuata ile desturi yetu. Mnaijua. Upande wa mwanamume unatuma watu kimya kimya kuuliza ukoo wa binti. Je, kuna kifafa? Kuna ukoma? Kuna mkono mrefu? Wanakaa kwa jirani kama wamekuja kunywa maji, kumbe wanachimba. Wakachimba, wakamkuta mama mdogo aliyekufa kwa titi, wakamkuta na Salama mwenye titi moja, ambaye hata kuchimbwa hakuhitaji, alikuwa gulioni hadharani.

Baba yake Zuberi, Mzee Abubakari, akaleta jibu mwenyewe. "Binti ni mzuri, hatuna neno naye," alisema. "Ila ukoo una ugonjwa wa titi. Nasi tuna wajukuu wa kuwafikiria." Posa ikavunjika.

Rahma ameniambia hivi: "Nililia, dada Janeth. Nilimwambia mama, ungejificha kidogo tu, kidogo tu, ningekuwa nimeolewa. Mama alikaa akiniangalia. Nadhani hata kansa haikumuuma vile."

Na ndivyo ilivyokuwa. Salama hakuogopa kufa. Aliogopa kwamba huenda Mzee Abubakari anasema kweli. Kwamba amempa mwanawe kifo ndani ya damu, kama mtu anavyompa mtoto sura yake.

Kule hospitali, siku ya kukatwa, daktari mmoja mtafiti alimwomba ruhusa ya kupima kipande cha ule uvimbe pamoja na damu yake. Ni Daktari Yudith, mzaliwa wa huku huku milimani. Salama alikubali, akasahau. Vipimo vilipelekwa maabara za nje, vikachukua muda mrefu. Posa ikiwa imeshavunjika, Daktari Yudith alipanda likizo kwao, akaenda mpaka gulioni Mlola kumtafuta. "Onga mshi, mama, shikamoo," akamsalimia kwa Kisambaa. Akavuta ndoo, akaketi.

Nimezungumza na daktari kwa simu ili nisiwapotoshe, kwa hiyo sikilizeni polepole. Mwilini tuna vinasaba, DNA, na ndani yake mna jeni, kila jeni na kazi yake. Ipo moja ambayo kazi yake ni kutengeneza DNA inapoharibika. Jeni hiyo ikikosekana kazini, kansa ya titi inapata njia. Daktari alitaka kujua ya Salama imepatwa na nini.

"Imechanika?" Salama aliuliza.

"Haijachanika, mama. Ni nzima. Ila ndani ya ule uvimbe imefungwa. Kuna vipande vidogo vidogo vya kemikali, vinaitwa methili. Vimejipachika pale jeni inapoanzia, seli ikashindwa kuisoma. Ipo, lakini imenyamaza."

Salama akaokota sidiria mezani, akafunga kulabu zake zote, akaiinua. "Kama hii."

"Kama hiyo. Kitambaa kizima, kulabu zimefungwa."

"Na kwenye damu yangu?"

"Kwenye damu yako iko wazi, na nzima."

Secilia anasema Salama alizifungua zile kulabu moja moja. Kisha akauliza, "Kwa hiyo Rahma sikumpa."

Daktari hakumdanganya. Alimwambia, "Siwezi kukuahidi kwamba Rahma hataugua. Mwanamke yeyote anaweza kuugua, hata mimi niliyekaa kwenye ndoo yako. Ninachosema ni kwamba kulabu hizi zilijifunga humo humo ndani ya titi lako, ukiwa mtu mzima. Kwenye damu yako hatukuziona, na jeni yenyewe tuliikuta haina kasoro. Kwa nini zilijifunga, mengine ni umri, mengine bado hatuyajui."

Basi mwingine angefurahi na mwanawe chumbani, yakaisha. Salama alifunga mzigo, akaenda Mlalo, nyumbani kwa Mzee Abubakari. Mwanamke, peke yake, kwenye nyumba iliyomkataa binti yake. Huku kwetu jambo hilo halifanyiki. Likafanyika.

Akapokewa kwa chai. Akatoa sidiria mkobani, akaiweka mezani mbele ya mzee.

"Ondoa kitu hicho mbele yangu," mzee akasema.

"Hicho ndicho nilichokuja nacho, shemeji. Kitazame." Akamweleza yote, jeni, methili, kulabu. Mzee alitazama ukuta. Salama alipomaliza, mzee akasema, "Maneno ya daktari ni ya daktari. Ukoo ni ukoo. Wa kwangu hauna ugonjwa huo."

"Ukoo wako una wanawake?"

"Wapo."

"Basi una matiti," Salama akasema. Akanywa chai yake akaimaliza, akaaga kwa adabu, akaondoka. Sidiria aliiacha mezani makusudi.

Aliyekuwa anasikiliza nyuma ya mlango ni mke wa mzee, Bi Fatuma. Yuko hai, ni mzima, na amenipa ruhusa nimtaje.

"Nilikuwa nacho," Bi Fatuma anasema. "Kigumu, kama punje ya hindi. Nilikificha tangu mavuno. Nani angenioa tena mimi, lakini nilikuwa na mabinti, nikaogopa wataambiwa kama alivyoambiwa Rahma. Siku ya gulio nikangoja watu wafunge biashara. Nikamwendea Salama, nikamwambia nataka kupima. Nyuma ya khanga nikauchukua mkono wake nikauweka pale. Hakusema 'nilikwambia'. Alisema, kesho tunateremka Mombo."

Waliteremka pamoja. Kansa ya Bi Fatuma iliwahiwa, ilikuwa bado ndogo. Alikatwa, akatibiwa, akarudi. Na ukoo wao, nawakumbusha, ulikuwa hauna ugonjwa huo. Hapo ndipo tunapokosea sisi watu wa milimani. Tunachunguza koo za watu, matiti yetu hatuyachunguzi.

Washenga walirudi Mlola na maneno laini. Salama alisema, "Mimi siolewi. Mwulizeni mwenyewe." Rahma akawajibu kwamba hana haraka, naye anauliza ukoo wao kwanza. Akawaweka msimu mzima wa mahindi. Zuberi alikuwa anapanda Mlola kila gulio kubeba mabelo ya mama mkwe bila kuombwa. Wakaoana.

Miaka miwili baadaye kansa ya Salama ilirudi, safari hii kwenye mifupa. Kulikuwa na maumivu, sitayapaka sukari. Aliuza mpaka alipokuwa anauza amelala ubavu juu ya mkeka, Rahma akishika pazia. Siku za mwisho alimwita binti yake. "Nikifa mtapeleka tangazo redioni," alimwambia. "Wale watu huandika amefariki baada ya kuugua kwa muda mrefu. Msiseme hivyo. Semeni ni nini. Mama mdogo alikufa na ugonjwa usio na jina, na mimi nikakaa miaka nikiliogopa hilo jina."

Kwa Rahma na Zuberi, kwa kaka wa marehemu, kwa Secilia na wafanyabiashara wote wa gulio la Mlola: sisi hapa tunawapa pole, poleni sana. Mwenyezi Mungu amrehemu Salama. Na wewe unayenisikiliza, mwanamke, leo ukienda kuoga, zungusha vidole, fika mpaka kwapani. Na wewe mwanamume unayetafuta mke, kabla hujamchunguza wa watu, mwulize mama yako kama amejishika.

Jambo la mwisho. Tangazo la kifo cha Salama lililetwa hapa na mzee mmoja, amevaa kanzu, kofia mkononi. Karani wetu, kwa mazoea, akaandika "baada ya kuugua kwa muda mrefu". Mzee akasema, "Futa. Andika kansa ya titi." Karani akasitasita, akamwuliza yeye ni nani kwa marehemu, labda familia haitapenda.

Mzee Abubakari akamjibu, "Andika, kijana. Ni ukoo wangu."