Mlango wa Mama na Mkasi wa Fundi

Benchi letu liko mbele ya duka la fundi cherehani, na mguu wake mmoja umepandishwa juu ya tofali. Mimi nashona viatu pembeni yake, kwa hiyo ujinga wote wa mtaa huu unapitia kwangu kwanza. Asubuhi hiyo Fundi alikaa na mkasi mkononi na gauni jekundu la marehemu mkewe mapajani. Miaka thelathini iliyopita mkewe alilivaa akicheza Mama katika ule mchezo wa kale ambao kila kizazi huucheza upya ukumbini: mwana aliyetoroka nyumbani anarudi, anabisha hodi, na mama anakwenda mlangoni. Safari hii Mama atachezwa na binti yao. Kiongozi wa kikundi cha vijana wanaouigiza alitaka gauni likatwe liwe koti, siku hiyo hiyo. Jambo hilo lilimuuma Fundi, ila hakuwa na hoja, na sisi kwa wema wetu tukaamua kumtafutia.

Wembe, kinyozi wetu, ndiye aliyekuwa na birika la kahawa.

— Koti la nini, Fundi? Mama anasafiri?

— Vijana wanasema anafungua mlango, anamkabidhi mwana ufagio, halafu anaondoka zake.

— Upuuzi! — akasema Mwalimu Chaki, aliyestaafu zamani lakini bado ana chaki mfukoni. — Babu yangu aliuona mchezo huu. Mama hafungui kabisa! Mwana analia nje mpaka pazia linashuka, na watoto wote wanarudi makwao na adabu zao.

— Mbona wewe ulipouchezesha shuleni, mlango ulifunguliwa na darasa zima likaingia na bendera?

— Wakati ule tulikuwa tunajenga nchi, Wembe.

— Mwana mmoja, bendera arobaini?

— Ndivyo mwandishi alivyokusudia!

— Alikuambia lini, na alikufa kabla babu yako hajaota meno?

Nikaona nimuulize Fundi mwenyewe.

— Na mkeo alifanyaje?

— Alifungua, akacheka. Kicheko hasa, kichwa nyuma. Ukumbi mzima ukaduwaa. Mimi nilikuwa nyuma ya pazia na sindano mdomoni, nikasema huyu nisipomuoa nitakufa. Sasa nikilikata hili gauni, bwana, nitakuwa nimebaki na nini?

Tukanywa kahawa kwanza. Wembe akaweka kikombe chini.

— Mimi nawaambia, huko nje hakuna mwana. Anayebisha ni mwandishi. Amechoka kulala kaburini, amekuja kuuliza mmeufanya nini mchezo wake.

— Hapana, — Mwalimu akasimama, benchi likainama upande wetu. — Mama ndiye mlango, na mlango ndiye mama!

— Basi bawaba ni baba.

— Wewe nyoa watu, fikra tuachie sisi!

Hapo binti wa Fundi akatokea, anatoka mazoezini, jasho likimtiririka.

— Shikamooni.

— Marahaba, mwanangu.

— Baba, bado hujakata?

— Nasubiri wazee hawa waafikiane mwisho wa mchezo ni upi.

— Kwani kitabu kinasemaje?

Kitabu mtaani kilikuwa kimoja tu, cha Mwalimu, na mwaka ule wa gauni alimwazima Fundi. Mwalimu akamtazama Fundi. Fundi akajikuna kichwa.

— Siku nililoshona gauni hili karatasi ya vipimo iliniishia, mwanangu. Ukurasa wa mwisho wa kitabu niliukata uwe kipimo cha shingo yake.

Wembe kidogo amwage kahawa. Karatasi yenyewe ilikuwa ingali msumarini juu ya cherehani, imegeuka rangi. Binti akaitoa, akapuliza vumbi, akasoma kwa sauti:

— «Mama anasogea mlangoni, na...»

Baada ya hapo palikuwa na shingo.

— Miaka thelathini! — Wembe akapiga paja. — Tunagombania tundu!

Tulicheka mpaka wateja wa saluni ya Wembe, hapo jirani, wakachungulia. Binti naye alicheka, kichwa nyuma, na Fundi akaacha kucheka ili amtazame vizuri. Kisha binti akakaa kati yetu.

— Haya wazee, niambieni. Ingekuwa ni nyinyi mko nje mnabisha, mngetaka mama afanye nini?

Mwalimu akatoa chaki yake mfukoni, akairudisha. Mimi nina mama yangu, mwaka wa nne huu sijafika kwake, nikainamia kiatu ambacho nilikwisha kukimaliza. Fundi akauweka mkasi kwenye mtoto wa meza, akachukua sindano na kuanza kulegeza gauni kiunoni, kidogo tu, limtoshe binti.

Wembe akasimama haraka, akatupa mgongo, akatangaza kwamba kahawa imekwisha. Nililiinua birika kumsaidia, nikakuta bado zito.